Marehemu Amekata Bima

Baba mkubwa wangu alikufa Jumanne mchana, palepale dukani kwake Mtaa wa Mchikichi, na mimi nilikuwepo, na nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Jioni alikula ndizi nyama sahani mbili. Subirini basi nianze vizuri, maana habari yenyewe tamu na nikiiparamia nitaiharibu.

Mimi naitwa Nice. Nimesoma chuo, nimesomea mambo ya bima, na nilipomaliza nikafanya kazi wanayofanya wahitimu wengi hapa Bongo: nilikaa kwa mama Magomeni nikatazama dari. Ndipo ukaja mradi. Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ili watu wasio na bima ya afya waipate, yaani wauza ndoo, mafundi cherehani, wapagazi, mama lishe, hawa ambao hawana mwajiri wa kuwakata kwenye mshahara. Nikapata mkataba wa muda, nikaitwa mhamasishaji. Nikapewa fulana iliyonifika magotini, begi la vipeperushi, na uchochoro mmoja wa Kariakoo niuhamasishe.

Ungekiona kipeperushi chenyewe! Baba, mama na watoto wawili, wote meno nje, wamekaa kwenye kochi jeupe. Kariakoo nani ana kochi jeupe? Sitara alikigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Shoga, hawa wanaumwa nini sasa?"

Sitara ndiye niliyekuwa namhangaikia. Ni rafiki yangu, anauza madera kwenye meza yake pale barazani kwa baba mkubwa, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa kiasi kwamba wateja walikuwa wanampisha yeye kwenye meza yake mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza, Ummy, alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alishamwambia kwamba huyu wa pili naye atatoka kwa njia hiyohiyo, hakuna mjadala. Mumewe Seifu ni kuli bandarini: meli ikija anafanya kazi, meli isipokuja anacheza bao. Pesa ya upasuaji ingetoka wapi? Ingetoka kwenye meza ya madera, na meza ingekwisha.

Au uchochoro ungechanga, kama ulivyochanga kwa Ummy. Na hapo ndipo Sitara alipokuwa anawaka.

"Mi mchango sitaki tena," aliniambia. "Ummy kachangiwa na mtaa mzima, sasa mtaa mzima unamwita mtoto wetu. Muuza kamba anamfinya shavu. Muuza vitasa anamfinya shavu. Juzi jitu silijui limenisimamisha Msimbazi, eti, 'Huyu si ndiye yule tuliyemtoa?' Tuliyemtoa! Tumbo lake? Huyu wa sasa atakuwa wangu peke yangu, Nice. Na Seifu kidogo."

Ruzuku ingemtosha kabisa. Ila ilikuwa na sharti moja gumu. Haitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Inatolewa kwa kikundi, na kikundi maana yake uchochoro mzima, kila mwenye fremu ya duka na kila mwenye meza. Serikali inalipa sehemu kubwa ya mchango wa mwaka, wewe unamalizia kidogo. Lakini akibaki mmoja nje, kikundi kizima kimekosa, na ruzuku inahamia uchochoro mwingine. Sababu yake nilifundishwa darasani na ina jina refu la kutisha, ila kwa lugha ya kawaida ni hivi: watu wa bima wanaogopa wagonjwa. Ukiwaachia watu waamue, wazima watasema ngoja kwanza, wagonjwa watakuja mbio, na mfuko utakauka. Kwa hiyo wanataka wote kwa pamoja, mwenye kisukari na anayebeba magunia mawili kwa mpigo.

Uchochoro mzima ulikubali. Hata Mzee Benjamini muuza mizani, ambaye ni Mpare wa Same, alikubali siku ya kwanza, na akaomba nakala tatu zenye muhuri, maana Mpare ukimpa karatasi yenye muhuri umempa nusu ya kesi.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu. Baba mkubwa Tarsis, kaka wa baba yangu, muuza ndoo, madumu na mabeseni kwa jumla, mtu wa Rombo, mwenye fremu kubwa kuliko zote.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Hiyo fulana ya nani?"

"Ya mradi. Baba mkubwa, kuna bima ya afya, serikali inatoa ruzuku, ukiumwa tu..."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nasema ukija ukaumwa."

Aliweka kalamu chini. "Nice. Umeamka asubuhi, umeoga, umepanda gari kutoka Magomeni, umekuja dukani kwangu kabla sijauza hata kikombe, kuniambia nitaumwa?"

"Baba, sio hivyo..."

"Unanichuria!"

Na kwa mtu wa biashara huo ndio mwisho wa mazungumzo. Uchuro ni uchuro. Unataja jambo baya kabla halijaja, unakuwa umelifungulia mlango na kulionyesha kiti. Nikajaribu kumwelewesha, akanitajia Rogath. Rogath alikuwa rafiki yake, muuza mabati. Alikata bima Jumatatu, akazikwa Ijumaa.

"Baba mkubwa, Rogath aligongwa na bodaboda."

"Na bodaboda ilitumwa na nani?"

Sasa hapo chuo walinifundisha nijibu nini? Nikaleta semina na projekta. Picha ya kwanza ilikuwa gari la wagonjwa. Baba mkubwa akatoka nje, hakurudi. Nikamletea padri. Padri akaongea maneno mazuri sana kuhusu kujaliana, na alipoondoka alikuwa amenunua mabeseni mawili. Mwishowe Sitara mwenyewe akaingia, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Mzee wangu, mimi nakuomba. Sio kwa ajili yako. Kwa ajili ya huyu."

Baba mkubwa anampenda Sitara, hilo msimsingizie. Baraza lile hajawahi kumlipisha. Akaona aibu, akaanza kupanga vifuniko ambavyo vilishapangwa. "Mama Ummy, wewe usiogope. Siku ikifika tutachanga kama kawaida. Mimi wa kwanza."

"Sitaki mchango, mzee."

"Kwa nini hutaki? Mtoto wetu yule si anaendelea vizuri?"

Sitara akanitazama. Sijawahi kuona mtu mjamzito akitaka kurusha beseni namna ile.

Na kichekesho ni kwamba mzima mwenyewe hakuwa mzima. Kila jioni baba mkubwa alikuwa anakaa kwenye dumu lililofunikwa, amejishika kisogo, anatafuna kitunguu saumu kibichi mpaka wateja wanaongelea mlangoni. Presha. Kila mtu alijua. Ila usitaje.

Siku niliyokwenda kumwambia Sitara kwamba nimeshindwa, nikakuta Mzee Benjamini anapita na chai yake. Akasimama mlangoni kwa baba mkubwa, akachungulia ndani kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"We Mchaga, hujafa tu?"

Nikasubiri afukuzwe.

"Sijafa," baba mkubwa akajibu. "Nakusubiri wewe utangulie ukanishikie nafasi."

"Fanya haraka basi. Fremu hii nimeshapima, mizani yangu inaenea yote. Na Joyceline nimeshamwambia asinunue nguo nyeusi ya ghali, hataivaa muda mrefu, namuoa."

Joyceline ni mama mkubwa, mke wake wa ndoa ya kanisani! Na baba mkubwa alikuwa anacheka. Anacheka, anafuta macho, anapiga kaunta. Mimi nimesema "ukija ukaumwa" nikafukuzwa. Huyu amemzika, amemrithi duka na mke, anakaribishwa kashata.

Nikamshika Sitara mkono. "Umeona?"

"Nimeona nini? Si watani hao, Wachaga na Wapare. Wanatukanana kila siku."

"Ndiyo! Mtani hachurii!"

Jamani, mimi Mchaga wa Magomeni, nimezaliwa nakuta utani upo, na haukuwahi kunijia akilini. Mtani anaweza kukwambia lolote, hata msibani. Hasa msibani: ndiye anayelala kaburini akisema hatoki mpaka apewe kitu, ndiye anayevaa koti la marehemu na kutembea kama yeye mpaka wafiwa wacheke na machozi puani. Na sheria ni moja. Ukikasirika, unalipa faini. Mbuzi.

Nikamfuata Mzee Benjamini kwenye mizani yake, nikamweleza shida yote, ya Sitara na ya sharti. Akasikiliza huku anasugua jiwe la kilo.

"Kwa hiyo unataka nimwambie kuhusu magonjwa."

"Ndiyo, mzee. Wewe hawezi kukukatalia."

"Magonjwa ni kidogo," akasema. "Huyo tumzike kabisa."

Jumanne mchana, Mchikichi imefurika, mikokoteni inapigana na watu, nikasikia kilio. Kilio hasa, cha kuvuta. Mzee Benjamini alikuwa anakuja amevaa koti jeusi la suti kwenye jua lile, shingoni ana shada la maua ya plastiki bado lina bei, na nyuma yake wapagazi wanne wamebeba turubai na mabenchi ya mama lishe. Wakafika mbele ya duka, wakalitundika turubai, wakapanga mabenchi. Mzee Benjamini akapiga magoti.

"Uuuwi, Tarsis! Tarsis umetuacha! Umetuacha na ndoo zako!"

Baba mkubwa alikuwa anahesabia mteja vifuniko. Akainua kichwa. "We Mpare una wazimu?"

"Mmesikia?" Mzee Benjamini akawageukia watu, mkono sikioni. "Sauti yake bado ipo humu dukani. Roho ya Mchaga haitoki mpaka duka lifungwe."

Watu wakajaa. Kariakoo watu wanajaa ukiangusha kijiko, sembuse msiba. Akachukua ndoo ya bluu palepale kwenye rundo, akaiweka chini ya turubai.

"Rambirambi humu."

"Weka ndoo yangu chini!"

"Marehemu, tafadhali, huu ni wakati wa familia." Akakunjua kipeperushi changu, kile cha kochi jeupe, akajifanya anasoma. "Wasifu wa marehemu. Marehemu alizaliwa Rombo. Akiwa bado ananyonya, alimuuzia mama yake maziwa yake mwenyewe."

Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Muuza vitasa alikaa chini.

"Alikuja Dar es Salaam na begi moja, akaliuza stendi kabla hajashuka kwenye basi. Ameacha mjane, ambaye nipo naye. Ameacha watoto wanne na madumu. Madumu yanalia zaidi."

"Uongo! Joyceline hakutaki!" Baba mkubwa alikuwa ameshashika tumbo, anajizuia asicheke, mishipa ya shingo imesimama. Na alijua sheria, akikasirika, mbuzi. Mchaga atoe mbuzi bure?

"Chanzo cha kifo," akaendelea Mzee Benjamini. "Presha. Ilimpanda tangu Krismasi. Daktari akasema njoo nikupime. Yeye akauliza, kupima bei gani? Akatajiwa. Akasema punguza, mimi mteja. Wakabishana bei, wakabishana, daktari akachoka akaenda zake kula. Kila jioni tulikuwa tunamwona amekaa pale kwenye dumu amejishika kisogo, hasemi. Anatafuna kitunguu. Sisi tunapita, tunasema haya bwana usiku mwema. Kila jioni, tunapita tu..."

Hapo akakwama. Kweli akakwama. Akavuta pua, na safari hii haikuwa ile pua ya maigizo. Sitara akaacha kucheka. Baba mkubwa akaacha.

Kisha Mzee Benjamini akajifuta na mkono wa koti, akafoka, "Amekufa kwa ubahili! Na kwa sababu yeye alikataa, huyu mama mwenye tumbo anachangiwa tena kama msikiti! Wapagazi, mtoeni marehemu tumpime jeneza!"

Baba mkubwa akatoka mwenyewe nyuma ya kaunta. Akapita katikati ya watu, taratibu, akakaa kwenye benchi la wafiwa. Akaivuta ndoo, akachungulia.

"Mia mia?" akasema. "Mimi Tarsis nimekufa, mnatoa mia mia?"

Kelele! Mtu mmoja akatupia noti ya elfu, baba mkubwa akaipeleka kwenye mwanga kuona kama ni halali. Halafu akaniita.

"Nice. Leta kalamu."

"Baba mkubwa?"

"Rogath alipokata bima alikuwa hai, ndiyo maana ikampata. Mimi nimeshakufa. Huyu Mpare kaniua mchana kweupe, nimeliliwa, nimetolewa mia mia. Sasa hiyo kadi itaniua na nini tena? Uchuro wote umeshatumika. Lete niandike."

Akaandika jina lake, akapiga na kidole gumba kwa usalama, halafu akamwambia Mzee Benjamini, "Naishi mpaka nile wali wa msiba wako. Na shada hilo rudisha dukani, bado lina bei." Wakacheka, wakakumbatiana, wakagombea noti ya elfu. Sitara aliniangukia shingoni na tumbo lake lote. Nilihisi mtoto ananipiga teke, nikajua anashukuru.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Ila kuna mtu alikuwa amechukua vidio. Akaikata akabakiza kipande cha mwanzo tu, kile cha kilio na turubai, akairusha kwenye kundi la wasap la wafanyabiashara wa Rombo.

Nyie mnawajua Wachaga na maiti. Mchaga hazikwi Dar. Mchaga anarudishwa nyumbani, kwenye kihamba, kwenye migomba yake, hata kama hajakanyaga huko tangu aondoke. Mama mkubwa Joyceline alizimia akiwa saluni, akamwagiwa maji, akampigia mumewe. Simu ya mumewe ilikuwa imeisha chaji kwa kupigiwa na watu wa pole. Na alipofika nyumbani kwa miguu yake mama mkubwa alimpiga na mto, akambusu, akampikia zile ndizi sahani mbili, akamnunia. Lakini Rombo nani aliambiwa? Kila mtu alidhani mwenzake ameshapiga. Usiku kucha ukoo unasafiri.

Asubuhi nafika Mchikichi, kuna basi la Kosta kutoka Rombo mbele ya duka. Wamama wamejifunga vitenge vyeusi. Kaka watatu wa baba mkubwa wamevaa suti. Yule mdogo, Anselmi, amesimama mbele ya kaunta, uso kwa uso na marehemu, mdomo wazi.

"Anselmi, shika mahesabu usinitolee macho," baba mkubwa akamwambia. "Mmekuja na nini?"

"Kaka... tulikuja kukuchukua."

"Jeneza?"

"Tumeshaagiza kwa mafundi wa Keko."

"La mbao gani?"

Anselmi akatazama viatu. "Msonobari."

"Msonobari!" Baba mkubwa alishika kaunta. "Mimi! Banda la kuku la Mzee Benjamini ni la mninga!"

Na katikati ya hayo, si akaja Caroline. Caroline ni afisa wa mradi, bosi wangu, dada mmoja mnyoofu sana, anatembea kama amemeza rula. Alikuja kukagua kikundi kabla ya kupitisha ruzuku, maana ni lazima amwone kila mtu kwa macho yake. Akaona turubai ambalo hakuna aliyelitoa, akaona Kosta, akaona vitenge vyeusi, akashusha sauti.

"Poleni sana jamani. Nani amefariki?"

"Mimi," akasema baba mkubwa.

Caroline akanitazama. Mimi nikatazama Kosta.

"Nice, huyu si ndiye mwanakikundi wako wa mwisho?"

"Ndiye."

"Marehemu haruhusiwi kujiunga."

"Ila yupo, dada. Si unamwona? Alikufa kidogo tu jana, kwa ajili ya kuhamasisha."

Nikaeleza. Nilieleza mpaka fulana ikalowa. Mzee Benjamini akaja na zile nakala zake tatu zenye muhuri, akasema kama suala ni kesi yeye yuko tayari mpaka rufaa. Sitara akajisogeza, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akampumulia Caroline kwa nguvu, na sijui kama alifanya makusudi. Caroline akauliza swali moja la maana siku ile.

"Huyu baba amepimwa presha?"

Alikuwa amekuja na muuguzi wa mradi kwa ajili ya kupima watu. Baba mkubwa akatazama kile kitambaa cha kufungia mkono kama anatazama nyoka.

"Kupima bei gani?" akauliza.

"Bure."

Ukoo wa Rombo ukamsukumia kiti. Muuguzi akapima, akapima tena, akaita Caroline kando, na nikaona uso wa Caroline unabadilika. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba yule muuguzi hakutaka aondoke kwa miguu. Wakampakia kwenye Kosta ileile iliyokuja kubeba maiti yake, ikampeleka hospitali upande wa Upanga, wamama wa vitenge vyeusi ndani, wanaimba, wengine hawajui tena waimbe nini. Alianza dawa siku hiyohiyo. Kikundi kikapita, kadi zilipotoka yake ndiyo iliyotumika kwanza, na mpaka leo foleni ya kliniki wanamjua: akiitwa jina anajibu, "Marehemu yupo."

Lakini mama mkubwa alikuwa hajanisamehe. Alijua Benjamini ni mtani, hana kosa kisheria. Basi kosa lote likawa langu. Kwetu ukiomba msamaha mkubwa unakwenda na jani la isale, ukilitoa mwenzio hawezi kukukatalia. Dar isale unalipata wapi? Nikakumbuka magorofa ya Upanga wanalipanda uani kama pambo, hawajui wanachomiliki. Nikachuma moja, mlinzi akanikimbiza mpaka barabarani, madereva wa bajaji wakashangilia. Mama mkubwa akalipokea, akalitazama, akasema, "Limechumwa wapi hili?" Nikasema Upanga. Akasema, "Basi msamaha wako ni wa kupanga." Lakini alicheka.

Sasa habari yenyewe, ile iliyonifanya niandike.

Sitara amejifungua! Uchungu ulimshika mezani, katikati ya kuuza dera la zambarau. Alimalizia kuuza, ndiyo akasema twende. Seifu aliitwa bandarini akaja na ovaroli lake lina vumbi la saruji. Pale mapokezi Sitara alitoa kadi yake mwenyewe, kwenye pochi yake mwenyewe, akaiweka kaunta kwa kidole kimoja, akaniangalia mimi na sio muuguzi. Wakaisoma, wakamwingiza. Hakuna aliyepitisha bakuli. Hakuna aliyepiga simu kwa muuza kamba. Upasuaji ukaenda salama, mtoto wa kiume, ana mashavu, jamani, yaani mashavu yanaomba.

Jana saa ya kuona wagonjwa nikaenda. Nafika wodini nakuta wazee wawili wameshatangulia, mmoja na beseni jipya la kuogeshea mtoto, mwingine na shada. Lilelile. Bado lina bei.

"Mama Ummy, hongera," baba mkubwa akasema, anasogea, vidole viwili vimeshajiandaa. "Mtoto wetu..."

"Wa nani?" Sitara hakuinua hata kichwa kwenye mto.

"Si nimekufa kwa ajili yake?"

"Wewe ulikufa tu," Mzee Benjamini akadakia, naye anasogea. "Kazi ya kuzika nilifanya mimi. Mtoto ni wa mzikaji. Nina nakala."

Sitara akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kadi, akaishika katikati ya shavu la mtoto na vidole vya wazee wawili, kama polisi wa barabarani. Seifu alikuwa ameanza kutabasamu, akaacha.

"Mnaiona hii? Nani alichanga?"

Mzee Benjamini akapapasa mifuko kutafuta nakala.

"Nauliza, nani alichanga?"

"Hakuna, mama," akasema baba mkubwa, sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake.

"Basi beseni wekeni pale. Maua yapelekeni dukani. Na mwenye kutaka kumfinya mwanangu anaomba ruhusa, kwa adabu, na nikikataa nimekataa."

Wazee wale wakatazamana. Mzee mzima wa Rombo, mwenye fremu kubwa kuliko zote, akashusha vidole, akavua kofia.

"Mama Ummy, naomba nimfinye mtoto wako. Kidogo."

Sitara akamfikiria. Alichukua muda wake, na aliufurahia, nilimwona.

"Kaa kwenye foleni, mzee," akasema. "Nice ndiye wa kwanza."